Milango Niliyoipiga Picha, Masisi Hadi Kashebere

Binti yangu alipoolewa na kuhamia Lubumbashi, nilibaki peke yangu na duka. Baba yake alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa wa figo. Duka letu liko Masisi-centre, upande wa juu wa barabara, na chumba ninacholala kiko nyuma yake. Nauza misumari, majembe, kufuli na kamba za kufungia ng'ombe. Mteja akiingia anasema anachotaka, anapewa, anaenda zake. Kuna jioni nilifunga duka nikagundua kwamba maneno yote niliyotamka tangu asubuhi yalikuwa saizi za misumari.

Binti alinipigia simu kila Jumapili baada ya misa.

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima."

"Na duka?"

"Duka iko."

 Nilisikia watoto wake wakigombana, yeye akawakemea, kisha akasema, "Basi, Mama, nitakupigia tena." Sikumlaumu. Mimi mwenyewe sikuwa na cha kumsimulia. Maharage yameota, mvua imenyesha, fulani amezikwa. Ukishasema hayo umemaliza.

Jumapili moja nilimweleza habari ya mwanaume mmoja wa Walikale aliyekuja kununua majembe, akapita mbele ya duka langu bila kuliona, akashuka hadi sokoni na kununua kwa mwingine. Nilimsimulia ili tu mazungumzo yarefuke kidogo. Lakini yeye alichangamka.

"Mama, kumbe hauko kwenye ramani! Ile njo kazi yangu ya kila siku."

Ni kweli. Anafanya kazi ya kupeleka vifurushi majumbani, na kutwa nzima anatafuta milango ya watu kwa kutumia ramani ya simu. Siku ileile aliweka duka langu humo. Kisha akaniambia nimtumie picha ya mbele ya duka, ili mtu akifika aone kwa macho kile alichokiona kwenye simu.

Siku mbili baadaye nilitoka nje, nikarudi nyuma hatua chache, nikapiga. Nikatuma.

Alinipigia kabla hata sijaketi. Haikuwa Jumapili, bado ilikuwa katikati ya juma, na nilishtuka nikidhani kuna msiba.

"Mama, hii ni foto ya kitenge yako."

Nikatazama. Kweli, kitenge nilichokuwa nimekianika kilijaa nusu ya picha. Pembeni palikuwa na kidole changu, kikubwa kama kiazi. Duka lenyewe lilikuwa tundu jeusi katikati, na kibao cha jina hakikuonekana kabisa. Tulicheka. Sijui tulikuwa hatujacheka pamoja tangu lini.

Basi akaanza kunifundisha. Kwanza nipanguse kioo cha kamera, maana mikono ya mtu wa misumari ina mafuta. Nivuke barabara nisimame ng'ambo, nilitazame duka usoni, si kwa ubavu. Nilaze simu. Niondoe nguo, ndoo, na ule mfuko wa saruji uliopasuka.

"Na usikate majirani," akasema. "Muntu mwenye iko natafuta, hatafute mulango peke yake. Anatafuta mulango wenye uko kando ya ile salon ya kusuka nywele. Salon ionekane kidogo."

Kilichobaki kilikuwa mwanga. Duka langu linatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi ndilo lake. Mchana jua linahamia nyuma ya paa, na ukuta unakuwa mweusi. Lakini asubuhi za Masisi ni za ukungu. Unapanda kutoka bondeni, unakaa barabarani, na hauna haraka. Nilikuwa nasimama ng'ambo, simu mkononi, nikisubiri. Watu waliopita kwenda mashambani walinisalimu na kuuliza, "Mama, uko nangojea nani?" Nikajibu, "Nangojea jua." Wengine walidhani ni utani. Mama mmoja aliyebeba mihogo alisimama, akatua mzigo wake, tukasubiri pamoja mpaka alipochoka akaenda.

Asubuhi niliyofanikiwa, ukungu ulifunguka ghafla na jua likapiga ukuta wa buluu moja kwa moja. Kibao kilisomeka herufi kwa herufi. Majembe niliyoyaegemeza mlangoni yalimetameta. Nikapiga, nikatuma.

"Mama, sasa iko sawa kabisa," binti akasema. "Sina kitu ya kuongeza." Akaiweka kwenye ramani.

Jumapili iliyofuata tuliulizana kama tuko wazima, na duka kama lipo. Jumapili ya pili hakupiga. Alikuwa na kazi nyingi, ninaelewa.

Ndipo nilipovuka nikapiga picha ile salon. Mwenyewe alifurahi, akaniambia ningoje apake chokaa upya. Nikaituma Lubumbashi. Simu ikalia: "Mama, umepiga na jua ku mugongo, ona kivuli yako iko ndani ya mulango!" Nikarudia. Nikapiga duka la dawa, nikapiga kinu cha mihogo. Kila picha ilileta simu, na kila simu ilianza na kasoro ikaishia kwenye jambo lingine: mtoto ameota jino, mume amebadilishiwa zamu. Nilijifunza haraka kuliko nilivyotaka. Kasoro zikapungua, na simu nazo zikawa fupi. Siku moja nilikusudia kabisa kupiga picha ya duka la viatu ikiwa imepinda, ili apate cha kunisahihisha. Nilisimama, nikainamisha simu, nikaona ule mstari wa paa ukianguka upande mmoja, na mkono ukaunyoosha wenyewe. Nikapiga iliyonyooka.

Wakati huo nilikuwa na mteja Kashebere aliyeagiza majembe. Kawaida nampa motari, yaani dereva wa pikipiki, apeleke peke yake. Safari hiyo nilisema naenda naye. Motari huyo ni mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, mtu wa maneno machache. Aliniangalia tu, akafunga majembe nyuma, akaniachia nafasi ya kuketi.

Tulipita Nyabiondo, ambako nilipiga picha maduka mawili. Mbele yake tulikuta kamba imekingama barabarani, na vijana wenye bunduki. Sikuuliza ni wa nani. Siku hizi huulizi. Mmoja alitaka simu yangu, akaanza kutazama picha moja baada ya nyingine.

"Hii nini? Milango, milango. Ju ya nini unapiga milango?"

"Ni maduka, papa. Ju batu wakuje kununua."

"Na batu iko wapi?"

"Hawatakiwe ndani ya foto. Ni duka tu."

Hakuridhika. Alifika kwenye picha ya mwisho ya Nyabiondo, akaona pembeni mtu aliyevaa buti za jeshi, akaniamuru niifute. Nikaifuta mbele yake. Akanirudishia simu, kamba ikashushwa. Motari aliendesha mpaka tulipokuwa mbali. Kisha akasema, "Mama, ukipita hapa tena, ile telefone ikae mu mufuko. Kama vile tunafanyaka kule Mubambiro, mbele ya kambi ya basoda."

Kashebere nilimpa mteja majembe yake. Kando ya nyumba yake kulikuwa na fundi cherehani, mwanaume wa makamo, amekaa chini ya baraza la mabati na mashine mbili. Alishonea moja. Ya pili ilikuwa imefunikwa kitambaa safi. Nilipomweleza kazi ninayofanya aliweka mkasi chini.

"Piga," akasema. "Lakini unipige nikiwa ndani."

Nikamweleza kwamba picha nzuri ya ramani haina watu mbele. Watu wanaziba kibao, kesho wamevaa nguo nyingine, na wengine hawataki sura zao zionekane. Alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa.

"Mama, foto ya mulango bila muntu, watasema fundi alikufa."

"Watasoma kibao."

"Marehemu pia wako na kibao."

Motari alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Nikapiga picha mbili za baraza bila yeye kuwemo: alikubali kusimama nyuma yangu, mikono kifuani, kama mtu anayengoja zamu hospitali. Jua lilikuwa zuri, limeinamia upande wetu, na rangi za nguo zilizotundikwa zilitoka kama zilivyo. Nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini inanionyesha vile iko kweli. Hakuna muntu."

Nikauliza hiyo mashine nyingine ni ya nani. Akasema ni ya mke wake. Mke alishuka Goma na watoto wakati risasi zilipozidi, yeye akabaki kulinda mashine. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya uzi.

 Nikampa motari simu, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikaenda kuketi kwenye benchi la wateja. Fundi aliketi mbele ya mashine yake. Aliokota kipande cha kitenge na kuninyooshea kana kwamba ananiuliza nitashona nini. Nikasema, "Nashona kanzu ya askofu." Sijui hilo lilitoka wapi. Fundi alicheka mpaka akashika meza, mimi nami nikacheka, na motari akapiga hapohapo bila kutuambia.

Nilirudi Masisi siku ileile, mvua ikitupata njiani. Nilipofika nyumbani nilituma picha zote Lubumbashi, ile ya benchi ikiwa ya mwisho. Nilingoja kusikia habari ya mistari na vivuli. Simu ilichelewa. Ilipolia, binti hakutaja picha ya mlango kabisa.

"Mama, umekonda."

"Ni ile nguo, ni kubwa."

"Hapana. Ona mikono. Unakulaka nini?"

Nilitaka kusema nakula vizuri. Nikamwambia kweli: kupika bugali ya mtu mmoja kunanishinda, nachemsha viazi asubuhi na kuvila mpaka jioni, na chai.  Nikasikia anavuta makamasi.

"Na ule papa ni nani?"

"Fundi wa Kashebere."

"Munacheka nini?"

"Kanzu ya askofu."

Ilibidi nimsimulie yote, kuanzia kamba ya barabarani. Tuliongea mpaka betri yangu ikazimika, na hata baada ya hapo nilibaki na simu sikioni kwa muda kidogo. Aliniambia atakuja likizo. Hakuja. Ndege hazitui Goma kwa sababu ya vita, barabara unazijua, na mimi mwenyewe nilimwambia asithubutu kuja na watoto. Ile picha ya mlango aliiweka kwenye ramani. Ile ya benchi alisema amempa mume wake aichapishe kwenye karatasi, iko ukutani kwao. Siku hizi ananipigia Jumapili, mara nyingine na katikati ya juma. Mara nyingine wiki mbili zinapita. Napika bugali kidogo, kwa sababu ataniuliza.

Niliporudi Kashebere msimu uliofuata na mzigo mwingine, baraza la fundi lilikuwa tupu. Mashine zote mbili hazikuwepo, na mabati ya paa yalikuwa yameng'olewa. Kibao tu ndicho kilichobaki, kimegongomewa kwenye nguzo. Mteja wangu aliniambia watu walikimbia kwa siku chache, wengi wakarudi, fundi hakurudi. Wengine wanasema yuko Buleusa, anashonea kwenye nyumba ya kanisa. Wengine wanasema alimfuata mke wake Goma. Nilimwuliza motari kama anaweza kunifikisha Buleusa. Alitazama mawingu, akasema njia imekatika, na kwamba hata ingekuwa nzima asingenipeleka.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, mahali pale pale pa kupigia picha. Kwenye ramani ya simu duka la fundi lilikuwa bado lipo, limejaa rangi, na chini yake mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwamba amefika na hakukuta fundi. Nilimpigia binti.

"Mama, tunaandika kama imefungwa," akasema. "Ju batu wasisumbuke bure."

"Andika imefungwa kwa muda."

"Kwa muda? Unajua atarudi?"

"Sijui."

"Kama haujui, Mama..."

"Andika tu kwa muda."

Hakubishana. Nilisikia akibonyeza. Kisha akasema amemaliza, lakini hakukata, na mimi sikukata. Alikuwa jikoni, nilisikia mafuta yakichemka na kijiko kikigonga sufuria. Nilikaa kwenye jiwe nikasikiliza anavyopika, mpaka uniti za simu zilipokwisha.