Picha Mbili za Stesheni

Mvua imenifungia ndani tangu asubuhi, na bati linapiga kelele hata redio siisikii. Nimetandaza mezani picha mbili za stesheni yetu ya Tabora. Katika ile ya zamani nipo na marehemu mke wangu, siku tuliyohamia hapa kwa treni kutoka Urambo, dumu la asali likiwa miguuni pake. Hii mpya nilimwomba mpita njia anipige juzi. Nilitaka kulinganisha mji tu: lami imefika, miembe imepungua, bodaboda zimejaa. Nikaanza kumlaumu yule mpita njia kwa kuniweka pembeni. Kumbe hakukosea. Nilisimama mwenyewe palepale pa zamani, nikamwachia mke wangu nafasi yake.