Bibi Ambaye Hakuhesabiwa

Harufu ya plastiki iliyolowekwa kwenye maji ya moto bado inanipandisha hasira. Katika nyumba yetu ya mbao kule West Side, Buffalo, Marekani, Bibi, mama mzazi wa baba, alisuka mikeka kwa mikanda ya kufungia maboksi ambayo baba aliiokota kazini ghalani. Ukindu ungetoka wapi kwenye theluji? Bibi aliilowesha ikalainika, akaisuka vilevile alivyosuka kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na jiko zima likanuka kama ndoo mpya iliyoachwa juani.

Mwaka wa sensa ya Marekani, theluji ilipoanza kuyeyuka, mwalimu alitugawia darasani nakala ya ukurasa wa sensa ya Uskoti ya karne ya kumi na tisa. Ilikuwa nyumba ya mfumaji wa nguo: yeye, mkewe, watoto, na mstari wa mwisho kabisa mama yake, mjane, kazi yake kuzungusha nyuzi. Nilimsomea Bibi kwa Kiswahili. Akaacha kusuka. "He! Na kikongwe wamemwandika? Na kazi yake? Hebu soma tena." Nilisoma mpaka nikachoka. Kambini, siku moja ya kuhesabiwa, Bibi aliugua asiende kwenye foleni. Jina likafutwa, akala mgawo wa wenzake msimu mzima huku akisimangwa kila kijiko. Tangu hapo aliamini kwamba asiyehesabiwa hayupo.

Basi mama wa sensa alipobisha hodi Jumamosi mchana, Bibi alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani, mkeka mpya ameukunja kwapani ili kazi yake ionekane. Baba akamzuia. Mkataba wa nyumba uliruhusu watu watano tu, nasi pamoja na Bibi tulikuwa sita, naye aliamini mgeni yule angetoka pale moja kwa moja kwenda kumwambia mwenye nyumba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo nalijua. Lakini mama yako mzazi, jamani! "Mama, ingia jikoni," alisema, akatusukumia mlango sote wawili. Tukamsikia akijibu kwa Kiingereza chake cha ghalani. Bibi akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia: anasema tuko watano, hakuna mwingine humu.

Mgeni alipoondoka, Bibi alikwenda sebuleni, akaushika mkeka ambao baba alikuwa ameukanyaga. "Ondoa miguu yako." Akaukunja. Hakumtandikia baba tena, wala hakumsemesha, mpaka tukamzika Bibi, kabla sensa nyingine haijafika.

Leo naishi Linden, Columbus, nina nyumba na wanangu. Yule kikongwe wa Uskoti, ambaye hanihusu ndewe wala sikio, najua umri wake na kazi yake. Bibi yangu hayumo popote. Wenzangu kanisani wananiambia nimsamehe baba, mavi ya kale hayanuki. Hayanuki kwenu! Mwezi uliopita baba alikuja kututembelea, mgongo unamuuma, akauona ule mkeka umesimama nyuma ya mlango. Akaniomba nimtandikie mkeka wa mama yake, ajinyooshe kidogo.

"Mama yupi, baba?" nikamjibu. "Si ulisema hakuna mwingine?"

Alilala kwenye zulia.