Mkate wa Moto Juu na Chini

Sina hakika kama nnakumbuka kwa mpango wake, maana khofu hukoroga mambo. Nnaandika nilichokiona.

Ilikuwa baridi yetu ya mwanzo tangu tuhamie huku ng'ambo, Mabela. Mvua toka alfajiri, skuli zimefungwa, wanangu wawili wanagombana. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Unguja, akawaita jikoni wapike mkate wa kumimina. Mchele alikuwa keshauroweka. Mkubwa, mwanamme, akasaga kwa mashine. Mdogo, mwanamke, akapewa kinu cha iliki, bibi yake akawa anamtania.

"Twanga iliki, mke mwenzangu, usitwange vidole!"

"Mimi si mke mwenzio. Wewe huna meno!"

Tukacheka sote. Unga ulipoumuka nikasema, "Mama, tuoke ndani ya oveni."

"Mkate wa kumimina hauokwi kabatini, mwanangu. Unataka moto juu na chini."

Kwao hupalia makaa uani. Uani kwetu kumejaa maji. Basi akawasha seredani chini ya kibaraza, na makaa yalipokuwa mekundu tukaiingiza jikoni. Mlango tukaurudisha kwa ajili ya upepo. Madirisha ya alumini yalikuwa yamefungwa toka asubuhi. Makaa hayakutoa moshi hata chembe, na mimi khatari nilikuwa naijua kwa moshi tu. Watoto wakajikunyata karibu na joto, wanangoja harufu.

Mkubwa akasema kichwa kinamgonga. Nikadhani njaa. Mdogo akalaza kichwa pajani kwa bibi yake.

"Joto limemlevya," alisema bibi.

Nikamwita mtoto. Kimya. Nikamwita tena, nikamshika kidevu, kichwa kikaanguka upande kama cha mwanasesere. Nikataka kusimama, miguu ikawa si yangu. Hapo ndipo nikakumbuka habari za watu waliolala na makaa ndani ya hema, huko jangwani, wasiamke.

Sijui nilifikaje mlangoni. Nnajua nilimtoa mdogo nje, mvuani, na mkubwa akamvuta bibi yake kwa mkono, huku akilia. Maji yakamdondokea mtoto usoni, wala hakukunja uso. Nikasoma Ayatul Kursi, nikaikosea katikati, nikaanza upya, nikaikosea palepale. Bibi yake kapiga magoti matopeni, anamsugua nyayo. "Yarabi, nichukue mimi. Mimi nshakula chumvi yangu."

Mtoto akakohoa. Akatapika. Kisha akasema kwa kisauti, "Mkate umeungua?"

Jirani alitukimbiza hospitali na gari yake. Daktari akasema ni sumu ya makaa, haionekani wala hainuki. Wakamvisha barakoa ya hewa usiku kucha, asubuhi wakaturuhusu.

Watu wa nyumbani walitaka kujua kosa la nani. Mimi siwezi kumbebesha mama mkwe. Mikono yake ilifanya ilichofunzwa. Jikoni kwao upepo unapita kila upande, na nyumba yetu ilijengwa kuzuia upepo. Pengine nakosea, lakini ndivyo nionavyo.

Kesho yake bibi mwenyewe aliroweka mchele mwengine. Akafungua madirisha yote na mlango, baridi ikaingia tukajifunika mablanketi, na mkate akautia ndani ya oveni. Akamweka mjukuu wake mapajani. Kila akifumba macho, bibi anamtikisa.

"Mke mwenzangu, upo?"

"Nipo, bibi. Nimepepesa tu."

Akamvutia blanketi, akamtikisa tena.