Mti Usio na Majani

Nilirudi kutoka Ulaya na diploma ya kilimo, na sioni haya kusema kwamba kijiji chetu cha Ujamaa, upande wa Ntalikwa, hakikuwa na mwingine mwenye nayo. Hakuna aliyenisomesha. Nilirina asali kwenye mapori ya Ipole, nikaiuza, nikajisomesha.

Kila Jumanne niliwafundisha watu wazima kusoma. Alhamisi, katika banda lilelile, mkunga wa kijiji alitufundisha dawa za miti. Siku za Jumanne mkunga huyo alikuwa mwanafunzi wangu, akipambana na herufi kama anayevuta ng'ombe mbishi. Alhamisi alitufunga macho kwa khanga, akatupitishia vipande vya mizizi puani tutaje mti. Zamu yangu ilipofika nilikataa.

"Mama, mimi naandika. Majani yote nimeyachora."

"Haya, Bwana Diploma," alisema, na darasa zima likacheka. "Kiangazi kikija utasoma majani gani?"

Kiangazi kikaja, na mama yangu akaanza kuhara damu. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Zahanati ilikuwa imeishiwa dawa, na mkunga alikuwa ameitwa Itetemia kuzalisha. Nikachukua jembe na daftari, nikaenda porini.

Miti yote ilikuwa mitupu. Mti wa dawa ya tumbo una ndugu yake wa kufanana nao gome kwa gome, na mizizi ya huyo ndugu watu huitumia kuulia panya. Nilisimama kati ya miti miwili, daftari wazi mkononi, michoro yangu mizuri haina la kuniambia. Nikachimba mmoja. Sikuthubutu kurudi mikono mitupu, mimi niliyekuwa nimesoma.

Dawa ilichemka, ikawa nyekundu. Sheria ya darasa la mkunga ilikuwa moja: aliyechimba hunywa kwanza, mgonjwa akimwona. Nilimimina kikombeni, nikakiinua hadi mdomoni. Sikuogopa kifo changu. Niliogopa kwamba sumu ingechelewa kunishika, mama akaniona mzima, naye akanywa.

"Ipoe kidogo, baba," mama alisema kutoka kwenye mkeka. "Utaungua."

Hapo mkunga akaingia uani, vumbi la njia limemjaa miguuni.

"Shikamoo, mama," nilisema, kikombe bado mdomoni.

"Marahaba. Umechimba nini?"

Jibu lilikuwepo, tena kwa jina la kitaalamu. Nilimtazama mama pale mkekani.

"Sijui," nikasema. "Sijui nimechimba nini."

Alinipokonya kikombe, akanusa, akakimwaga chooni pamoja na sufuria nzima. Hakucheka. Alinirudisha porini, akachimba mwenyewe, kisha akanifunga macho kwa khanga yake. Mzizi wake ulinuka kama udongo uliolowa mvua. Wangu ulinuka ukali, kama mkojo wa popo. Alinirudishia mara kumi, huku na huku, mpaka nikaacha kukosea.

Leo naitambua miti arobaini nikiwa nimefumba macho, na sijui msomi mwingine Tabora awezaye hilo.

Jioni ile mkunga alikunywa kwanza, akampa mama kikombe. Mama hakunywa. Alinielekezea kikombe mimi.

"Baba, ndiyo yenyewe?"

Nilifumba macho, nikanusa kwa muda mrefu, ndipo nikamjibu, "Ndiyo yenyewe."