Blanketi Alilolisahau Mama

Juzi, nje ya kanisa moja mjini Eldoret, niliona picha ya mtakatifu aliyevaa kanzu ya viraka, bila viatu. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni yenye harufu ya udongo uliolowa mvua.

Katekista alikuwa ametusimulia jinsi mtakatifu huyo, mwana wa tajiri, alivyogawia maskini vitambaa vya babake, kisha akaishi kwa sala. Nilienda moja kwa moja nyumbani, nikachukua blanketi jipya la mama, bado linanukia duka, nikampelekea jirani yetu Mama Nekesa, mjane aliyekohoa kila siku.

Mama aliporudi kutoka shambani aliuliza, "Blanketi yangu iko wapi?"

"Nimepatia Mama Nekesa. Nataka kuwa mtakatifu."

"Mtakatifu na kitu changu?"

Alitoka kwa hasira hata kabla ya kuvua gamboti zake zenye matope. Nilimngoja mlangoni, mvua ikipiga mabati. Alirudi mikono mitupu, macho mekundu.

"Nimempata amejifunika, anakuombea," alisema polepole. "Tumeongea mpaka nikasahau kitu nilikuwa nimeendea."

Nilimwamini. Nilitaka hata kukimbia nikalichukue, lakini akanivuta, akaniketisha karibu na jiko. Msimu wote wa baridi alijifunika leso mbili, nami nikidhani mama yangu ni msahaulifu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Hadi leo namshukuru kwa kuiacha zawadi yangu ya kwanza ibaki pale nilipoipeleka, ingawa aliyeitoa alikuwa yeye.