Goti la Fundi Milimita

Watu wa mtaa wetu walimpachika jina la Milimita kwa kumcheka, naye akalivaa kama cheo. Ni fundi wa vigae. Kwa miaka thelathini na miwili amekuwa akitandika sakafu za watu, na katika miaka yote hiyo hajakabidhi chumba bila kukigonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo ya mpira, sikio likiwa karibu na sakafu. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mzito. Chenye uwazi chini yake hulia kama kopo tupu, na hicho atakibandua hata kama mwenye nyumba ameshahamia na kochi lake liko juu yake. Mafundi wanaojua kusema "hiyo haitaonekana, bosi" nimekutana nao wengi. Huyu sijamsikia akisema hivyo hata siku moja.

Kazi yenyewe hufanywa kwa magoti, saa nane kwa siku, juu ya zege. Alipofikisha miaka hamsini na saba, goti la kulia likaanza kuvimba jioni na kukaza asubuhi. Alilipaka dawa ya kuchua, akaendelea. Siku lilipogoma kabisa alikuwa katikati ya chumba cha kujifungulia cha kituo cha afya kipya, nusu ya sakafu imekwisha, nusu bado.

Sakafu ile ilikuwa na sharti lake. Chumba kama kile huoshwa kwa maji kila siku, kwa hiyo sakafu yote lazima iteremke taratibu kuelekea tundu moja la kutolea maji, bila mtu kuuona mteremko kwa macho na bila maji kusimama popote. Milimita alikuwa ameupima kwa uzi na pima maji siku nzima kabla ya kubandika kigae cha kwanza. Alasiri ile alipotaka kuinuka, mguu haukutii.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye anayemchanganyia gundi ya vigae. Ni mtu mzima mwenye ndevu, hodari wa mdomo kuliko wa mwiko. Alimshika kwapani.

"Shemeji, na wewe umeganda? Gundi ilikuwa ya vigae, si ya mafundi."

"Niinue, acha maneno."

"Nakuinua, lakini kwanza nikugonge nisikie kama umeshika vizuri."

Hospitali walimpiga picha ya eksirei. Daktari akamwonyesha pale mifupa miwili inapokutana na kumweleza kwamba gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, limelika. Akamwambia apunguze kupiga magoti, apunguze uzito kidogo, na aende kliniki ya mazoezi ya viungo. Milimita alirudi nyumbani na neno moja tu kati ya hayo yote: limelika.

Hapo akafanya kosa ambalo nadhani fundi wa vigae tu ndiye angeweza kulifanya. Sakafu mpya haikanyagwi mpaka ishike. Hilo amewaambia wateja maisha yake yote, na amewafokea waliopita juu yake na viatu. Akaona goti nalo ni vivyo hivyo: liachwe, lisikanyagwe, litashika lenyewe. Akaunyoosha mguu juu ya stuli, akaufunga kitambaa, akakaa. Alikaa wiki sita.

Na sisi tulimsaidia kukosea. Mkewe alimletea kila kitu mkononi. Binti yake alimkataza hata kwenda kufungua mlango. Majirani tulipita tukisema, "Kaa, mzee, usijichoshe," kisha tukaenda zetu tukijiona watu wema. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenyewe alichoambiwa na daktari. Kumhurumia mtu namna hiyo ni rahisi mno, kwa sababu mwenye kuhurumia hafanyi kazi yoyote.

Mwisho wa wiki ya sita alikuja msimamizi wa ujenzi, mtu wa makamo mwenye haraka, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Fundi, nina watu wa dari na wa mabomba ndani ya kile chumba. Watakaa wiki kumi na mbili. Wakitoka, nataka sakafu. Kuna kundi jingine limeiomba hiyo nusu. Wanasema ni kazi ya siku mbili."

"Siku mbili?" Milimita alikaa wima. "Mteremko wataupima kwa kitu gani? Kwa ndimi zao?"

"Basi niambie wewe utakuwepo."

"Nitakuwepo."

"Simama nikuone."

Alishusha mguu, akaegemea mkono wa kiti, akasimama. Goti likakunjika kama bawaba iliyolegea, na mkewe akamdaka kabla hajafika chini. Msimamizi aliangalia pembeni kwa adabu. "Nitasubiri wiki kumi na mbili," alisema akiwa mlangoni, "lakini sitasubiri ya kumi na tatu."

Milimita alijua kitakachotokea kwa kazi ile ya siku mbili. Maji yangesimama chini ya kitanda cha mama mzazi, na msafishaji angeteleza na ndoo mkononi. Na nusu mbaya ingeungana na nusu yake, watu wakaiita yote sakafu ya Milimita.

Mkewe, ambaye alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka alipostaafu, hakumpa pole siku hiyo. Alikwenda kwenye mfuko wa kazi, akatoa uzi wa kupangia vigae, akauzungusha kwenye paja la kushoto la mumewe, shubiri moja juu ya goti, akaulaza kwenye futi. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa la kulia.

"Sentimita arobaini na tisa," alisema. "Na hili arobaini na tano."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili. Ni milimita arobaini, baba watoto. Sakafu ingekuwa hivyo ungeibomoa."

Kesho yake alikwenda kliniki kwa mikongojo.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa msichana wa umri wa binti yake, mfupi, mwenye viatu vya raba. Milimita alianza kwa kumsomesha.

"Binti, goti langu limekwisha mafuta. Nikilitembeza si ndiyo nalimaliza?"

"Nani kakuambia, baba?"

"Kila mtu."

"Kila mtu hajaja leo. Umekuja wewe." Akavuta kiti, akakaa naye uso kwa uso. "Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake kiko kwenye maji yaliyomo ndani ya goti. Ukilikandamiza linatoa maji, ukiliachia linavuta mengine. Wewe wiki sita hukulikandamiza wala hukuliachia. Umelifungia chumbani bila chakula."

Milimita alilitazama goti lake. "Kama sponji ya kufutia rojo la vigae. Ukiiacha kavu wiki moja inakuwa jiwe."

"Karibu na hapo."

"Kwa hiyo nikifanya mazoezi litaota tena?"

Angeweza kumwambia ndiyo. Wapo wengi wanaosema ndiyo ili mgonjwa aondoke akitabasamu, nami siwahesabu kuwa watu wema.

"Hapana, sitakudanganya," alisema. "Waliochunguza magoti kama lako hawajaona kwamba mazoezi ya kiasi yanalila gegedu. Lakini pia hakuna ushahidi wa kutosha kwamba yanalirudisha lililokwisha. Kinachojulikana ni kwamba watu wengi hupungukiwa na maumivu, na paja likipata nguvu mzigo hauliangukii goti peke yake. Hicho ndicho ninachoweza kukuahidi tukifanya kazi."

"Na sakafu yangu?"

"Kupiga magoti kutwa nzima, hilo sikuruhusu tena. Sakafu tutaona."

Akampa mazoezi matatu: kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, kupanda na kushuka kidato kimoja cha ngazi, na kutembea. Akampa na kanuni. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si kitu, mradi kesho asubuhi yawe yametulia. Yasipotulia, au goti likivimba, umezidisha, punguza.

Siku ya tatu Milimita aliinuka kitini mara sitini. Aliona kama kumi zinafaa, sitini zitafaa mara sita. Asubuhi goti lilikuwa kama embe.

Shemeji yake alikuja kumwona, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Uliambiwa kumi, shemeji! Mwenye kukataa kigae kwa nusu milimita amekosea kwa hamsini!"

"Cheka umalize."

"Sijaanza. Nangoja dada aje tucheke wawili."

Alichofanya Milimita baada ya hapo ndicho kilichonifanya nimheshimu zaidi ya kazi yake yote. Hakusema kliniki wamemharibia. Alirudi kwa yule msichana na kumwambia, "Uliniambia kumi, nikafanya sitini. Kosa ni langu." Akapunguziwa mpaka nane, tena kwa kiti kilichoongezwa mto juu yake. Akafanya nane. Wiki nzima akafanya nane, mtu ambaye angeweza kufanya ishirini kwa kiburi, na nadhani nane zile zilikuwa ngumu kuliko sitini.

Mto ukaondoka wiki ya nne. Matembezi yakaanza kwa kufika nguzo ya umeme na kurudi, yakafika duka la dawa, yakafika lango la shule. Zilikuwepo siku mbaya. Wiki ya saba mvua ilinyesha mfululizo, goti likauma, na alikaa siku mbili akimnunia kila mtu, kisha akarudi kwenye hesabu ndogo na kupanda upya. Majirani tuliendelea na wimbo wetu. "Mzee, pumzika!"

"Nilipumzika," alijibu bila kusimama. "Nikaishia kudakwa na mke wangu mbele ya wageni."

Wiki ya kumi na mbili mkewe aliutoa uzi tena. Paja la kulia sasa lilikuwa sentimita arobaini na nane na milimita tano. Lakini msimamizi alitaka karatasi ya daktari, na daktari akapiga picha nyingine ili aandike anachokiona. Binti yake ndiye aliyemsindikiza, na alitoka pale amekunja uso.

"Baba, ni ileile! Jasho lote lile, na picha haijabadilika hata kidogo!"

"Niliambiwa hivyo tangu siku ya kwanza," alisema Milimita. "Yule binti wa kliniki hakunificha."

Daktari aliandika bila kupamba: goti limelika kama mwanzo, asipige magoti kwa muda mrefu, kazi kwa vipindi vifupi anaweza. Barua ile angeweza kuisahau nyumbani. Aliipeleka mwenyewe na kumkabidhi msimamizi mkononi, mbele ya mlango wa chumba kile.

Msimamizi aliisoma mara mbili. "Fundi, hii inasema huwezi."

"Inasema siwezi kama zamani. Nipe siku sita."

"Wenzako wamesema mbili."

"Mimi nasema sita. Leo jioni ukiona sijafika kwenye ule mstari wa penseli niliouchora sakafuni, waite."

Alivaa pedi nene za magoti, akapiga goti. Shemeji alikaa na saa. Kila dakika ishirini zilipofika alipaza sauti, "Doria!" na Milimita aliinuka, bila kushika ukuta, akaenda mpaka mwisho wa korido na kurudi. Vigae vya pembeni alivikata akiwa amesimama mbele ya meza. Wapaka rangi walimcheka. "Mzee, umeajiriwa ulinzi?" Jioni alikuwa amevuka mstari wa penseli kwa vigae viwili.

Siku ya tatu ilimgharimu zaidi, ila si goti. Aliona kwamba kwa kasi ile siku sita hazitatosha, na katika miaka thelathini na miwili hakuna mkono mwingine uliowahi kubandika kigae kwenye sakafu yake. Alizunguka chumba mara mbili. Kisha akamtupia shemeji mwiko.

"Wewe chukua katikati, ni mistari iliyonyooka. Mimi nitabaki na kandokando ya tundu."

Shemeji aliudaka mwiko, akapiga goti. Alibandika kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Milimita akapita nyuma yake na nyundo, akagonga, akasimama kwenye kigae cha tisa.

"Bandua."

"Shemeji, hiyo haitaonekana."

"Imesikika. Bandua."

Kikabanduliwa. Viwili vingine navyo vikabanduliwa kesho yake, na baada ya hapo hakuna.

Alasiri ya siku ya sita msimamizi alikuja na ndoo tatu za maji na tochi. Alimwaga ya kwanza kwenye kona ya mbali, ya pili chini ya dirisha, ya tatu pale kitanda kitakapokaa. Maji yakatanda, yakasita kidogo, kisha yote yakaanza kwenda upande mmoja. Msimamizi aliinama na tochi yake, akapita chumba kizima akitafuta kidimbwi. Alitafuta muda mrefu. Milimita alisimama kwa miguu yake miwili, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani.

"Kuna chumba cha wodi pembeni," alisema msimamizi hatimaye, akizima tochi. "Ni kikubwa kuliko hiki. Siku ngapi?"

Milimita alikwenda akakitazama, akahesabu hatua za urefu na za upana. "Kumi na moja."

"Wengine wamesema nne."

"Basi wape hao."

Msimamizi aligeuka tena kwenye ile sakafu iliyokuwa tayari inaanza kukauka. "Kumi na moja," alisema. "Anza Jumatatu."

"Jumatatu nina kliniki," alisema Milimita. "Nitaanza Jumanne."