Kopo Libaki Nchi Kavu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa viatu vya mchuchumio, nikarudi navyo mkononi vikitiririka maji. Nilidhani nimeajiriwa kuuza vipuri dukani, pale mjini Morogoro. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Bosi, alinitazama miguuni, akacheka, akanipakia garini hadi bwawa la Mindu.

"Boti haiuzwi kwa mdomo, binti," aliniambia. "Inauzwa majini. Vua viatu, panda."

Najua mtauliza, boti Morogoro? Hata ndugu zangu wa Dar walinicheka. Lakini bwawani kulikuwa na wavuvi, mito inayoshuka kutoka Uluguru kuelekea Kisaki ilikuwa na vivuko, na boti zilizokwisha kutumika zililetwa kutoka pwani kwa lori, zimepakwa rangi mpya kama maharusi. Chini ya rangi kulikuwa na mengine. Kazi yetu ilikuwa kuyaona.

Bosi alinifundisha jaribio. Boti tupu inamdanganya kila mtu, alisema, kwa hiyo tuliijaza viroba vya mchanga hadi ifikie uzito wa abiria wake. Tulikwenda mbali na ukingo, tukaiendesha kwa nguvu zote mpaka injini ipate moto, tukaizima, kisha tukaiwasha tena papo hapo. Injini nyingi huwaka vizuri zikiwa baridi. Zikishapata moto ndipo zinapogoma. Mimi nilikaa nyuma, kiganja changu kwenye ubao unaobeba injini, nisikie kama unacheza. Sote tulivaa jaketi okozi, na boti ya pili ilitufuata. Na kulikuwa na sharti ambalo Bosi hakumlegezea mtu yeyote: muuzaji apande pamoja nasi, na kopo la kuchotea maji libaki nchi kavu. Maji yakiingia, kila mtu ayaone. Asiwepo wa kuyachota kimyakimya huku akitusimulia habari za mpira.

Mengine ya udalali wa boti, kazi ya kusimama kati ya muuzaji na mnunuzi, nilijifunza polepole. Dalali anahakikisha boti ni mali ya anayeiuza na namba ya injini inalingana na karatasi zake. Malipo ya awali anayashika yeye mpaka jaribio liishe. Na alichokiona anakisema mbele ya muuzaji na mnunuzi, hata kama hakuna aliyemuuliza. Bosi alipozeeka, duka lilishikwa na mwanawe, Meneja, kijana mwenye haraka zake.

"Dada Mwajuma, unatufukuzia wateja na mchanga wako," alilalamika.

Nilimjibu kwamba wanaokimbia mchanga ndio haohao tusiowataka. Alinuna, lakini viroba vilibaki.

Sasa niwasimulie jaribio ninalojivunia kuliko yote. Mama Asha, mwendesha kivuko karibu na Kisaki, alitaka boti ya kuvushia watu wakati wa masika, na wengi wa abiria wake walikuwa wanafunzi. Iliyomfaa kwa ukubwa ilikuwa moja tu: ya mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa akivulia samaki Mindu. Mnaotoka kwetu hamhitaji kuelezwa. Kwa Waluguru mjomba ana neno zito katika ukoo, na shamba la migomba kule Kinole, alilolilima mama yangu maisha yake yote, lilikuwa la ukoo, chini ya mkono wa mjomba huyo, aliyeweza kulichukua akitaka.

"Hata boti ya mjomba wako unaijaza mchanga?" aliniuliza alipoviona viroba.

"Shikamoo, mjomba. Naijaza."

"Marahaba. Basi na habari za lile shamba tutazizungumza, maana naona umekua."

Nilimfikiria mama na migomba yake. Kisha nikamtazama Mama Asha, aliyekuwa akipakia viroba kwa mikono yake mwenyewe, kila kiroba mahali pa mtoto mmoja. Hapo ndipo nilipoona kitu kimetuna ndani ya koti la mjomba. Lilikuwa kopo, dumu la mafuta lililokatwa.

"Mjomba, na hilo linabaki."

Alinikazia macho. Akalitoa, akaliweka chini.

Katikati ya bwawa, injini ilipopata moto, ubao ulianza kucheza chini ya kiganja changu. Halafu ukalia kraa, injini ikalala nyuma, maji yakaingia. Mjomba alipapasa koti lake, mkono ukatoka mtupu.

"Tupeni mchanga majini!" nilipiga kelele.

Tulivirusha viroba kimoja kimoja, na boti ya pili ikatuvuta hadi ukingoni. Mama Asha alikaa chini.

"Ningepakia watoto wa watu humu," alisema.

Mjomba aliondoka na viatu vyake vimejaa maji.

Msimu mzima hakuniita. Mama alikwenda shambani kama mtu anayeaga, akiigusagusa migomba, nami niliumia kwelikweli, ingawa sikujuta hata siku moja. Kisha nikaletewa ujumbe: mjomba ananiita. Si Kinole, bali Mindu. Nilimkuta ameketi ndani ya boti ileile, nyuma kuna ubao mpya wa mvule, viroba vya mchanga amevipakia mwenyewe hadi pomoni. Alifungua koti lake pande zote mbili nione.

"Haya, dalali. Fanya kazi yako."

Boti ilifaulu. Mama Asha aliichukua, na mpaka leo inavusha wanafunzi. Habari za kulichukua shamba hazikutajwa tena. Mama alililima mpaka alipofariki, kisha mjomba akasema mbele ya ukoo kwamba sasa ni langu.

Mwaka huu nimestaafu. Nawaona nyinyi vijana mnauza boti kwa picha za simu, na picha zenyewe ni nzuri. Jazeni mchanga. Siku ya kuniaga, Meneja alitoa hotuba ndefu, akavisifu hata viroba. Mjomba, ambaye sasa anatembelea mkongojo, aliteremka kutoka Kinole na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na lile kopo.

"Sasa umestaafu," alisema. "Nakuruhusu ulitumie."

Watu walicheka, mimi nikalia. Kila asubuhi nachota maji kwa kopo hilo na kumwagilia miche ya migomba kwenye shamba la mama.